Mgeni wa Siku Mbili

Wahenga walimpa mgeni siku mbili, ya tatu wakamtaka ashike jembe. Methali hii nimeisoma tangu shule ya msingi, nimeijibia maswali ya mtihani, na katika mazoezi ya kufundisha nimeieleza ubaoni kuwa inamsuta mgeni mvivu. Sikupata kuiona kwa macho hadi Mei mwaka uliopita, nilipofuatana na kundi la wakimbiaji kwenda kujitolea katika shule moja ya msingi upande wa Kakuyuni, bara ya mji wa Malindi. Tulifika Ijumaa magharibi. Jumapili adhuhuri tulikuwa ndani ya basi tukirudi. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: tulikaa siku mbili zetu za ugeni, tukaondoka jembe lingali ukutani.

Siandiki ili kuwasimanga wenzangu wale. Ni watu wema. Wengi wao ni waajiriwa wa mjini ambao huamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia kabla ya kazi, na fedha za safari walizitoa mifukoni mwao. Nami nilikuwa mmoja wao, kwa hivyo lawama nitakayoitoa humu inaanzia kwangu. Hata hivyo nathubutu kusema kwamba safari hizi za kujitolea za mwisho wa juma, jinsi zinavyoendeshwa, humnufaisha mgeni kuliko mwenyeji. Na kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili, tunaopenda kulalamika kuwa taaluma yetu haithaminiwi, tunalo jembe ambalo shule za huko zina haja nalo hasa, ila tumelitupa darini.

Kakuyuni ni wadi katika eneobunge la Malindi. Sikio la mwanafunzi wa Kiswahili halikosi kusikia mkuyu ndani ya jina lenyewe. Kusini kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, kaskazini Mto Sabaki, na baina yake mashamba ya mahindi na mihogo, minazi, mikorosho na miembe. Wenyeji wengi ni Wagiriama, na watu hawa hawana historia ya kumpokea kila ajaye kwa lolote ajalo nalo. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwahimiza wakatae kodi na kazi ya shuruti ya Waingereza. Akakamatwa yeye na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa uhamishoni Kisii, upande wa pili wa nchi. Na mwaka 1914 wakatoroka wakarudi kwao kwa miguu. Mimi ni mpenzi wa riadha, lakini mwendo huo nauheshimu kuliko medali zote nilizowahi kuzitazama runingani.

Jumamosi tulianza kwa mbio, kilomita kumi katika njia ya vumbi jekundu. Kufikia saa tatu jua lilikuwa limetukalia utosini. Wapenzi wa michezo wa Pwani wangali wanasimulia mashindano ya dunia ya mbio za nyika yaliyofanyika Mombasa tarehe 24 Machi 2007, ambapo joto na unyevu viliwaangusha wanariadha hodari, hata Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ametawala mbio hizo kwa miaka mitano mfululizo, akashindwa kumaliza. Sisi hatukuwa Bekele. Watoto wa shule walitusindikiza pekupeku huku wakicheka, na msichana mmoja aliyejitwika dumu la maji alitupita kwenye mwinuko bila hata kutugeukia. Tulikuwa tumekuja, kwa mujibu wa fulana tulizovaa, kuwatia moyo watoto hawa wapende kukimbia.

Kisha tukapaka rangi madarasa mawili, buluu chini na maziwa juu. Nilipokuwa nikikwangua ukuta ili rangi mpya ishike, chini ya buluu iliyobabuka niliona kijani, na chini ya kijani nikaona manjano. Nikamwuliza mwalimu mkuu kulikoni.

"Buluu hiyo ni wageni wa mwaka jana, mwanangu," akanijibu. "Kijani ni wa kabla yao. Hao wa manjano mimi sikuwakuta."

Alinena bila kejeli. Nikamwuliza, kwa adabu, kama ni kweli shule ilihitaji rangi. Akatazama kwanza kama kuna mwenzangu aliye karibu.

"Mwalimu, mimi sikatai rangi," akasema. Na kuniita mwalimu kulinitia haya kuliko kuitwa mwana. "Nikikataa rangi, yule ambaye angeleta vitabu atasikia kwamba shule hii ina kiburi."

Naomba jibu hilo lisipitwe haraka. Ndani yake mna elimu yote ya uhusiano baina ya anayetoa na anayepokea. Mwenyeji anajua anachokihitaji. Mgeni hajui na hakuuliza. Na mwenyeji hathubutu kumwambia, kwa kuwa mlango ukifungwa leo huenda kesho usibishwe hodi. Ndivyo ukuta mmoja unavyopakwa rangi mara nne ilhali kabati la vitabu limesimama ofisini likiwa na chaki na kombe moja la kandanda.

Nyuma ya jengo palikuwa na jiko. Mei katika mashamba ya huko ni mwezi wa palizi, na mvua ilikuwa imenyesha vyema. Kina mama wasiopungua kumi walikuwa wameacha magugu yao ili watupikie wali wa nazi na kuku. Watoto nao, ambao Jumamosi ndiyo siku yao ya kuteka maji, kuchunga mbuzi na kusaidia shambani, walikuwa wameitwa waje wavae sare na kutuimbia. Tulipiga picha nyingi. Sikuthubutu kuuliza kuku wale walikuwa wa nani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo. Nami siku ile sikumwona aliyepona isipokuwa mgeni.

Kwa kuwa nilijulikana kundini kama mtu wa Kiswahili, nilipewa kipindi cha kusoma na Gredi ya Tano, saa moja tu, baina ya chakula na kandanda. Wanafunzi walikuwa na kitabu kimoja cha hadithi. Kilikuwa kimezungushwa mikononi hata jalada likapotea, na kurasa za mwisho ziling'oka zamani. Anwani yake niliijua kwa kuwa ilichapishwa juu ya kila ukurasa. Watoto walikihifadhi chote hadi pale kilipokatikia: mvulana yumo mtumbwini, mawimbi yanapanda, nguo ya tanga imechanika. Nikauliza, "Kisha?" Mikono ikainuka darasa zima. Kila mmoja alikuwa na mwisho wake. Mmoja alimzamisha mvulana, mwingine akamwokoa kwa pomboo. Kijana mfupi aliyeketi dirishani akasema kwamba mvulana alifika pwani salama, akaenda kwao, akakuta mama yake amehama. Mwisho huo aliusema kwanza kwa Kigiriama, wenzake wakanyamaza kimya. Kisha akaugeuza kwa Kiswahili ambacho ningefurahi kukikuta katika insha za mwaka wa pili hapa chuoni. Nikaahidi kuwaletea kitabu kizima. Filimbi ikalia, tukatoka kucheza mpira.

Jioni ile msemaji wa kundi letu aliwahutubia watoto hao hao kwa Kiingereza, polepole, na mwalimu mmoja akafasiri. Msemaji mwenyewe ni Mkenya aliyezaliwa na kukulia Mombasa. Sikuelewa hata leo alikuwa akimhutubia nani.

Wasomi wenzangu, tumefundishwa darasani kwamba Kiswahili ni mmoja wa ndugu. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika utafiti wao mkubwa uliochapishwa mwaka 1993, wanakiweka katika kundi moja na lugha za Mijikenda, Kigiriama kikiwamo, pamoja na Kipokomo, Kielwana na lugha za Komoro. Kundi hilo huitwa Sabaki, na jina limetokana na mto uo huo upitao kaskazini mwa Kakuyuni. Kwetu mtu, kwao mutu. Kwetu maji, kwao madzi. Mtoto wa huko anapoingia katika Kiswahili hasafiri kwenda ughaibuni, anavuka ua tu kwenda kwa shangazi. Tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 sera yetu imeelekeza kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo, na Mtaala wa Umilisi ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019 umeushikilia msimamo huo kwa miaka ya mwanzo, kabla ya Kiingereza kuchukua hatamu katika Gredi ya Nne. Sasa mtoto huyu mwenye lugha ya mama, mwenye Kiswahili cha jirani, na mwenye mwisho wa hadithi ulio bora kuliko wa mwandishi, hana kitabu. Analetewa ndoo ya rangi na hotuba ya Kiingereza.

Hapa sarufi inaweza kutusaidia kidogo, au walau kutuchekesha. Tuseme neno "kujitolea." Mzizi ni toa, tukiunyambua katika kauli ya kutendea tunapata tolea, tukitia kirejeshi tunapata jitolea. Sasa lipange neno hili pamoja na wenziwe: kujipikia ni kupika kwa ajili yako mwenyewe, kujinunulia ni kununua kwa ajili yako mwenyewe, kujijengea vivyo hivyo. Kwa mantiki hiyo kujitolea kungekuwa kutoa kwa ajili yako mwenyewe. Bila shaka maana iliyozoeleka ni nyingine, na mhadhiri wangu wa mofolojia atanisuta nikidai vinginevyo. Ila nilipokuwa nikitazama picha zetu za Jumapili, kila mmoja amemkumbatia mtoto asiyemjua jina, niliona kama kwamba lugha ilikuwa imetunong'onezea jambo mapema. Na tena kujitolea na kujitoa hutengana kwa silabi moja tu. Adhuhuri ya Jumapili tuliidondosha silabi hiyo langoni mwa shule.

Je, kukimbia na kusaidia shule haviendani? Vinaendana sana. Paul Tergat, aliyevunja rekodi ya dunia ya marathoni huko Berlin mwaka 2003 kwa muda wa saa 2:04:55, alikulia Baringo, na amesimulia mara nyingi jinsi chakula cha shuleni kilichotolewa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani kilivyomwezesha kusoma. Mwaka 2004 shirika hilo lilimfanya balozi wake, naye akawa mtetezi wa lishe ya shuleni. Tukumbuke kilichomfaa Tergat mtoto. Halikuwa pilau la siku moja la wageni. Kilikuwa chakula kilichokuja Jumatatu, kikaja Jumanne, kikaja juma lililofuata, hata mzazi akaona faida ya kumwacha mtoto aende shule badala ya kumkalisha nyumbani. Mbio za Lewa nazo, zilizoanza mwaka 2000 na hukimbiwa kila Juni miongoni mwa wanyamapori, zilibuniwa ili fedha za washiriki ziende katika uhifadhi na katika miradi ya elimu na afya ya jamii za jirani. Mkimbiaji anakuja siku moja, hilo ni kweli. Ila fedha zake zinabaki mikononi mwa watu wanaokaa pale mwaka mzima.

Wala hatuna haja ya kwenda Lewa kutafuta mfano. Msitu wa Arabuko-Sokoke unaoonekana ukiwa Kakuyuni unao mpango ulioanzishwa na shirika la A Rocha Kenya mwaka 2001, uitwao ASSETS kwa ufupi, wa kuwasaidia karo wanafunzi wa shule za upili kutoka familia zinazopakana na msitu. Mtalii hulipa kiingilio ili atembee juu ya daraja la mbao linalopita katika mikoko ya Mida, awatazame ndege, aende zake hotelini. Pengine hatajua kamwe jina la mtoto aliyelipiwa. Picha hana. Mtoto yumo darasani. Mimi naona huo ni ugeni wenye adabu kuliko wetu.

Kuna watakaosema kwamba mzigo huu ni wa serikali, na hawakosei. Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo na ya lazima. Elimu ya bure ilipoanza mwaka 2003, idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilipanda mwaka huo mmoja kutoka chini ya milioni 6 hadi zaidi ya milioni 7, na vitabu na walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Ikiwa rangi yetu inaufanya ukuta uonekane umeshughulikiwa, basi huenda tunamsaidia hata yule asiyestahili kusaidiwa, yaani afisa anayepita na gari lake na kuona shule inang'aa.

Wengine watasema kwamba kidogo si haba. Afadhali rangi kuliko mikono mitupu. Nilikuwa na imani hiyo Jumamosi asubuhi. Tatizo ni kwamba wema wetu haukuwa bure kwa wenyeji. Uliwagharimu siku ya palizi, kuku, na mapumziko ya watoto. Tungetuma barua wiki tatu kabla, tukauliza haja yao ni ipi, tukajibeba na chakula chetu, tukaja siku ya shule badala ya siku inayotufaa sisi, hesabu ingekuwa nyingine. Tena fedha tulizokodishia basi la siku mbili zingempeleka na kumrudisha mwanafunzi mmoja wa chuo kwa matatu kila mwezi kwa zaidi ya mwaka. Nilizipiga hesabu hizo mwenyewe nikiwa ndani ya basi, nikanyamaza, kwa kuwa wenzangu walikuwa wakiimba.

Hapo ndipo ninapokigeukia chama chetu. Kila mwaka tunaandaa kongamano, tunachapisha jarida hili, tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani tarehe 7 Julai kwa mashairi na maandazi. Sina ugomvi na maandazi. Lakini tunao wanachama ambao karibuni watakuwa walimu, na wengi wao hawajawahi kusoma hadithi mbele ya darasa lenye kitabu kimoja. Napendekeza chama kichague shule moja, moja tu, na kiambatane nayo kwa muda usiopungua miaka mitatu. Wanachama wawili waende kila mwezi siku ya shule, mwalimu wa darasa akiwapo na akiwa ndiye mwenye usukani. Wasiende kuhutubu. Waende kusoma na watoto, na kuwasikiliza. Bibi na babu wa Kakuyuni wana ngano ambazo watoto wanazijua kwa Kigiriama. Watoto wazisimulie, waziandike kwa lugha zote mbili, na sisi, tunaojigamba kwa tafsiri na uhariri, tuwasaidie kuzisafisha na kuzipiga chapa. Kijitabu kibaki shuleni. Yale magazeti ya ukutani tuliyokuwa tukiyabandika zamani penye bweni yalichapwa kwa gharama ndogo zaidi kuliko mabango ya kongamano lililopita.

Wakimbiaji nao waendelee kukimbia. Nimezungumza na baadhi yao, na sikukuta ukinzani niliouogopa. Wawili walikiri kwamba nao waliliona lile tabaka la kijani. Wao wana fedha kidogo na miguu, sisi tuna lugha na muda wa likizo. Mwaka huu wamekubali kuchanga nauli kabla ya kuchanga fulana. Kuhusu picha za watoto bado tunabishana.

Kitabu nilichoahidi sikukipeleka. Mei ikapita, Agosti ikapita, mitihani ikanipa udhuru na likizo ikanipa udhuru mwingine. Januari nilikiona kwa muuza vitabu vikuukuu mjini Mombasa, kurasa zake zote zimo, nikakinunua na kukisoma nimesimama pale pale. Mvulana hazami, wala mama yake hahami. Anaokolewa na wavuvi, anapewa chai, basi. Ni mwisho hafifu ukilinganishwa na ule wa kijana wa dirishani. Kimo mezani pangu ninapoandika haya. Gredi ya Tano ile sasa ni Gredi ya Sita. Muhula wa pili utakapofunguliwa nitapanda matatu kwenda Kakuyuni, siku ya Jumanne, chakula changu mfukoni, na pamoja na kitabu hicho nitachukua daftari tupu la kurasa mia mbili.